Pale Magurudumu Yanaposimama

Mwezi uliopita vijana wawili walipiga hodi getini kwangu, mmoja ameshika kishikwambi, mwenzake tepu ya kupimia. Walikuwa wakikusanya taarifa za majengo ya mtaa wetu hapa Kinondoni: vyumba vingapi, maji yanatoka wapi, choo cha aina gani. Niliwakaribisha barazani, wakanywa maji, kazi ikaenda vizuri. Kuelekea mwisho binti mwenye kishikwambi akasoma: "Je, nyumba hii inafikika kwa mtu anayetumia kitimwendo?" Majibu yalikuwa matatu: ndiyo, kwa kiasi, hapana. Nikasema, "Kwa kiasi." Akagusa kioo, swali likapita, wakaaga.

Walipoondoka nilibaki nimekaa palepale, glasi zao hazijatolewa. Jibu lile halikuwa la kweli. Na katika mtaa mzima huu, mimi ndiye niliyepaswa kujua kwa nini si la kweli.

Mwaka 2015 aliyekuwa akipiga hodi za watu alikuwa mimi. Nilikuwa mwanafunzi, nikajiunga na Ramani Huria, kazi iliyowakusanya wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko Dar es Salaam ili wachore ramani za mitaa yao wenyewe. Tulizunguka Tandale na kwingineko na vifaa vya GPS mkononi, na karatasi tulizokunja mpaka zikachanika. Kila mtaro, kila kisima, kila uchochoro tuliuingiza kwenye OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote popote anaweza kuihariri. Furaha ya kazi ile sijaisahau. Jioni unafungua kompyuta, unaona mstari mwembamba uliouchora mwenyewe mahali ambapo asubuhi palikuwa peupe, unajua kesho mtu wa Msalaba Mwekundu akitafuta njia ya kupita maji yakijaa, ataiona.

Siku moja tulimkuta mzee amekaa kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, mdomoni mwa kichochoro. Tulimwamkia, akaitikia, akatuuliza tunapima nini. Tukamweleza. Akanyoosha kidole kule ndani akasema, "Huko mnakokwenda anaishi dada yangu. Mwaka wa sita huu sijafika." Tulimpa pole tukapita. Kule ndani kulikuwa na ngazi nne za mawe, kisha daraja la ubao mmoja juu ya mtaro. Niliandika: njia ya miguu, upana mita moja na nusu.

Ramani yenyewe haikuninyima nafasi. OpenStreetMap ina mahali pa kuandika ngazi, urefu wa ukingo wa barabara, aina ya sakafu, mteremko, hata kama panafikika kwa kitimwendo. Sehemu hizo zilikuwepo siku ile, tupu, zikisubiri. Mzee yule alikuwa amenisomea taarifa nzima kwa sentensi mbili, nami nikaichukua kuwa ni huzuni ya mtu, nikaiacha hapohapo njiani.

Miaka mitatu baadaye mama alipata kiharusi. Alipona kwa kiwango ambacho madaktari walikisifu, lakini mguu na mkono wa kushoto haikurudi. Tukanunua kitimwendo. Zahanati alikofanyia mazoezi ya viungo haikuwa mbali, na asubuhi ya kwanza nilifungua simu, nikaandika jina lake, simu ikanijibu: mita 700, dakika tisa kwa miguu. Nikamwambia mama hatuna haja ya bajaji.

Tulitumia dakika hamsini. Magurudumu madogo ya mbele yalizama kwenye mchanga mita ishirini tu kutoka getini. Nikajifunza kumgeuza mama na kumvuta kinyumenyume. Kwenye barabara ya lami, njia ya waenda kwa miguu ilikuwa imewekwa peving nzuri, lakini ili kuipanda palikuwa na ukingo wa zege wa sentimita kumi na tano na hapakuwa na mteremko wowote. Mafundi wanasema kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita kumi na mbili za mteremko, kwa hiyo ukingo ule ulihitaji karibu mita mbili. Palikuwa na mti, nguzo ya umeme na meza ya muuza matunda. Halafu mitaro mitatu, mmoja wenye kifuniko, mwingine wenye mbao, wa tatu mtupu.

Kwenye mtaro wa tatu vijana wa kijiweni waliinuka wenyewe bila kuitwa. Watu wa Dar wana mikono myepesi ya kusaidia, na nitaisema sifa hiyo popote. Wanne walimnyanyua mama na kiti chake, mmoja akisema "taratibu, taratibu", wakamvusha, wakakataa hata hela ya soda. Mama aliwashukuru mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimebeba mkoba na faili la hospitali, nikafuata nyuma, nikaona kile ambacho wao, kwa adabu yao, walikuwa wanajitahidi wasikione: khanga imefunguka, mama anaishika kwa mkono mmoja ulio mzima, na kwa sababu anaishika hana mkono wa kujishikia kiti.

Tulipofika akaniambia, "Mwanangu, leo nimebebwa. Sijaenda."

Tuliendelea hivyo miezi minne. Kisha siku za kusema "leo sijisikii vizuri" zikaanza kuongezeka. Niliziandika zote kwenye hesabu ya ugonjwa. Daktari naye aliandika kwenye kadi kwamba mgonjwa hahudhurii mazoezi ipasavyo. Hakuna aliyeandika mitaro mitatu.

Mwaka 2021 nilipakua Wheelmap. Ilianzishwa Berlin mwaka 2010 na kundi liitwalo Sozialhelden, na mmoja wa waasisi wake, Raul Krauthausen, mwenyewe anatumia kitimwendo. Chanzo chake ni kidogo na cha kweli: yeye na rafiki yake walikuwa wakikutana mkahawa uleule kila mara, kwa kuwa hawakujua mwingine ambao angeweza kuingia. Ramani hiyo hupaka mahali rangi kama za taa za barabarani, na taarifa zake zinakaa kwenye OpenStreetMap ileile niliyoichora nikiwa mwanafunzi. Niliifungua usiku, nikaitafuta Dar es Salaam. Mitaa yetu ilikuwepo, maduka yalikuwepo, mengine nikijua fika ni kazi ya vidole vyetu. Karibu yote yalikuwa na rangi ya kijivu, yaani hakuna aliyewahi kusema lolote.

Nikaanza kupaka. Kila mahali nilipomfikisha mama nilipaka kijani: duka la dawa, saluni, ofisi ya serikali ya mtaa, kwa fundi cherehani. Nilijisikia nalipa deni la mzee wa Tandale.

Fundi wangu wa simu yuko Kariakoo. Ametumia kitimwendo tangu utotoni, na nilikuwa nimemwonyesha ramani ile nilipompelekea simu yangu kubadilishwa kioo. Wiki kadhaa baadaye akanipigia.

"Dada, lile duka la dawa la kwenu, wewe na mama mliingiaje?"

Nikamweleza kwamba wauzaji wa pale ni watu wema sana, huwa wanatoka nje na kumnyanyua.

"Sijauliza wema wao, dada. Nauliza magurudumu."

Alikuwa ameiona alama yangu ya kijani, akakodi bajaji saa mbili usiku kumfuatia mwanawe dawa. Akakuta ngazi mbili na muuzaji mmoja, binti mwembamba aliyekuwa peke yake zamu ya usiku, ambaye hakuweza kumnyanyua na hakuruhusiwa kuacha kaunta. Bajaji ilikuwa imeshaondoka. Mwishowe binti alimletea dawa mlangoni, na yeye akahesabu hela za watu gizani, barabarani, akiwa amefungua pochi yake mbele ya kila apitaye.

Nilirudi kwenye masharti ya Wheelmap, ambayo nilikuwa nimeyasoma juujuu. Kijani ni mlango usio na ngazi hata moja na vyumba vyote kufikika hivyohivyo. Njano ni ngazi moja isiyozidi sentimita saba, upana wa kiganja. Zaidi ya hapo ni nyekundu. Hapakuwa na rangi ya watu wema. Nilikuwa nimepaka ramani ya roho nzuri za majirani zangu, na roho nzuri hubadilika kwa saa, kwa zamu, kwa mvua, na kwa sura ya anayeomba. Mama yangu, mwanamke mzee aliyejifunga khanga, alinyanyuliwa na kila mtu. Kijana mwenye nguvu za mikono usiku wa saa mbili si lazima apate hayo. Nilitumia Jumapili mbili kurekebisha alama zangu, na zaidi ya nusu ya kijani changu kilikuwa chekundu.

Baada ya hapo nilimwomba fundi kitu kimoja: tuipime safari yake kwa simu. Yeye ndiye aliyefikiria namna. Simu yoyote ya kisasa ina vihisi ndani yake vinavyojua simu imetikisika kiasi gani, imeinama upande gani, mara kadhaa kila sekunde. Ndivyo kioo kinavyojua kugeuka unapoilaza. Alichukua simu ya zamani kwenye droo yake, akaifunga chini ya kiti kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akaweka programu ya bure ya kurekodi. Jumamosi asubuhi akatoka kibandani kwake, akaenda kupanda basi la mwendokasi Gerezani, akashuka Magomeni Mapipa, akaenda kwa shangazi yake.

Jioni tulifungua mistari ile kwenye kompyuta. Palipotikisika sana tulipajua hata kabla ya kuona: peving zilizotitia, nondo za kifuniko cha mtaro. Palipotulia kuliko kote ni ndani ya mwendokasi. Mabasi yale yalianza kazi Mei 2016 katika awamu ya kwanza ya kilomita kama 21, na sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi, kwa hiyo aliingia kama mtu anayetoka sebuleni kwenda chumbani. Mstari wake pale ni laini. Nilipouona nilimfikiria mama, ambaye angeweza kuingia humo akiwa ameshika kiti chake kwa mkono mzima na khanga yake ikiwa mahali pake.

Kilichonishangaza ni kihisi cha kuinama. Njia ya waenda kwa miguu hulazwa kidogo upande wa mtaro ili maji yatiririke, na sisi tunaotembea hatuhisi chochote. Kitimwendo huvutwa upande huo muda wote. Mwenye kiti anazuia gurudumu moja na kusukuma jingine, mita mia, mita mia mbili. Mstari ulionyesha kiti kimelalia upande mmoja karibu njia nzima. Fundi akautazama, akashika bega lake la kulia. Limemuuma miaka na miaka, na alikuwa ameambiwa ni kulalia vibaya.

Kisha nikafanya nilichofundishwa. Kabla ya kuchora njia mtu husafisha data, na usafi wa kwanza ni kufuta nukta ambazo kifaa kilikuwa kimesimama, kwa kuwa hazina mwendo na zinarundikana mahali pamoja kama uchafu. Nikabonyeza, zikafutika. Safari ikabaki dakika arobaini na nane, mstari mzuri mwembamba.

"Huyu si mimi," akasema. "Mimi nilitoka saa tatu kamili, nikafika saa tano na dakika kumi."

Nikarudisha nilivyofuta. Kulikuwa na visimamo kumi na vinne. Kwa kihisi, kila kimoja kilikuwa mstari ulionyooka, uliotulia kuliko hata ule wa mwendokasi. Mashine ilikuwa imeandika kwamba hapo ndipo palipokuwa laini kupita kote.

Alianza kunieleza kimoja kimoja, na nikagundua siwezi kuandika upesi kama anavyosema. Tukakubaliana kwamba safari nyingine, kila akisimama, atume ujumbe wa sauti kwa WhatsApp pamoja na mahali alipo. Nimezihifadhi sauti zile. Moja inasema: "Meza ya viatu imekaa njiani, mwenyewe ameenda kuswali, namsubiri." Nyingine: "Kuna wanafunzi wanatoka shule, nikiingia katikati yao nitawaumiza miguu." Nyingine, kwa pumzi: "Hapa hakuna tatizo, napumzisha mikono." Nyingine: "Hapa nimekutana na shemeji, usiandike." Na moja ambayo ni honi tupu na makelele ya konda, kisha yeye, taratibu: "Nimenyoosha mkono magari yasimame. Hawanioni, niko chini ya usawa wa boneti."

Hakuna kihisi duniani kitakachomtenganisha mtu anayengoja avushwe na mtu anayeongea na shemeji. Vyote ni gurudumu lisilozunguka. Ndiyo maana ninapoona kazi zinazosema zitaelewa maisha ya watumiaji wa vitimwendo kwa kukusanya data pekee, huwa nauliza kwanza sauti iko wapi. Mjini Washington, mwaka 2016, mradi uitwao Project Sidewalk ulianza kuwawezesha watu kukagua njia za miguu wakiwa nyumbani, kwa kutazama picha za barabara na kuweka alama palipo na kasoro. Ni kazi ninayoiheshimu. Lakini gari la kamera haliingii kichochoro cha Tandale, na picha haiwezi kusema mwenye meza anarudi saa ngapi.

Hata GPS nayo ina mpaka wake. Kwenye uwazi simu hukosea mita kama tano. Katikati ya maghorofa ya Kariakoo mawimbi hugonga kuta, na kosa huwa kubwa zaidi. Kwa anayetembea mita tano ni hatua chache. Kwa fundi ni tofauti kati ya upande huu wa barabara na ule, na siku nyingine pande hizo mbili ni kama miji miwili. Ilibidi kila sauti aanze kwa kusema: "Niko upande wa benki," au "niko upande wa msikiti."

Na kuna jambo nililochelewa kuliona. Kila safari, nukta zake ziliishia mitaa miwili kabla ya nyumbani kwake. Nilidhani ni bando limeisha, kwa kuwa bando lilikuwa linamgharimu na mimi sikuwa nimelifikiria mpaka aliponiambia. Nikamwuliza.

"Pale nazima mwenyewe. Ramani hii ikimfikia mtu mbaya, atajua napita wapi na saa ngapi na hela za wateja." Akanyamaza kidogo. "Dada, mimi sikimbii."

Tangu siku hiyo sijaruhusu njia ya mtu mmoja kuonekana nzima kwenye ramani yoyote ninayoishika. Tunaweka vizuizi, hatuweki watu.

Kwa kuwa nilikuwa nimeanza kujulikana kidogo kwa shughuli hii, ofisi moja ilinialika kwenye siku ambapo maofisa wangekaa kwenye vitimwendo kwa saa moja ili "waonje". Nilienda. Walipigwa picha, wakahangaika kwenye changarawe, wakainuka, wakasema pole nyingi. Mtu anayekaa kwenye kiti kwa saa moja anajifunza jinsi ilivyo ngumu kutojua kukiendesha. Hajifunzi bega la miaka ishirini wala ujuzi wa kushuka ukingo kinyumenyume. Fundi alikuwa amealikwa pia, na katika saa ile nzima hakuna aliyemuuliza swali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka uliofuata, katika kifungu cha 9 unataja barabara, majengo, usafiri na teknolojia ya habari kwa pumzi moja. Fundi anakijua kifungu hicho kwa moyo. Alikuwa tayari kukieleza.

Mama alifariki 2022. Kwa ajili yake fundi seremala alikuwa amepigilia mbao ndefu juu ya ngazi mbili za baraza langu, mteremko wa mita nne hadi karibu na geti. Mwaka uliofuata nilizing'oa kwa sababu zilizuia pikipiki kuingia, nikaziegemeza stoo pamoja na kitimwendo chake. Sikuona ninafanya neno. Fundi wa simu nimemfahamu miaka mingi, nimekula kwake, nimewashika wanawe. Kwangu hajawahi kuja, na nilikuwa sijawahi kujiuliza kwa nini huwa tunakutana kwake tu.

Ndiyo nyumba niliyoijibia "kwa kiasi".

Niliwatafuta wale vijana kupitia kwa mjumbe. Nikawaeleza kwamba jibu langu libadilishwe, na kwamba kama wana nafasi waje Jumamosi, kuna mtu nataka wamsikie. Yeye amekubali, na kwa siku hiyo wamlipe kama wanavyomlipa mtaalamu yeyote. Wakaomba ruhusa kwa mkubwa wao, wakaja.

Fundi wa simu alifika saa nne asubuhi kwa bajaji. Geti lilikuwa wazi. Alisukuma mpaka mbele ya ngazi ya kwanza, akasimama, akafunga breki, akatusalimia. Binti akanyanyua kishikwambi, akatafuta mahali pa kuandika, akaniangalia. Nikamwambia aangalie saa kwanza. Kisha nikaenda stoo. Mbao zilikuwa nyuma ya kitimwendo cha mama, chini ya magunia ya mkaa, na moja ilikuwa imeliwa na mchwa. Nikiwa ndani nilimsikia fundi akimwelekeza binti taratibu, neno kwa neno, naye akiandika kwenye nafasi ya maelezo: amesimama, dakika nne, anasubiri mbao.